Na Nani? Riwaya ya Taharuki, Haki na Msomaji Kijana

Utangulizi

Katika shughuli zote za mwalimu wa fasihi, pengine hakuna inayodhaniwa kuwa nyepesi kuliko ile ya kumtajia mwanafunzi jina la mwandishi. Mwanafunzi amemaliza riwaya iliyomkosesha usingizi, anataka nyingine ya aina hiyo hiyo, na mwalimu anamtajia moja au mbili zilizomo maktabani. Jambo linakwisha hapo. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya riwaya ya upelelezi na riwaya ya taharuki kwa jumla, lakini karibu yote yanahusu mtunzi na matini. Juu ya yule anayeichukua riwaya hiyo na kumkabidhi kijana wa miaka 14 au 15, yaliyoandikwa ni machache mno.

Makala haya yanachunguza swali moja la kimaadili linalohusu kitendo hicho. Riwaya ya upelelezi, kwa kanuni ya utanzu wake, humhakikishia msomaji kwamba mhalifu atajulikana kabla ya ukurasa wa mwisho. Je, ni haki kumpendekezea kijana utanzu wenye ahadi kama hiyo, iwapo kijana mwenyewe anaishi mahali ambapo wahalifu hawakujulikana, au walijulikana na hawakuulizwa?

Swali hili linafaa kuulizwa popote, lakini hapa linaulizwa kwa kuzingatia Kaptagat. Kaptagat iko katika nyanda za juu kusini-mashariki mwa Eldoret, penye msitu na mashamba, kwenye mpaka wa kaunti za Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet. Ulimwengu unaijua kwa wanariadha wake, kwa kuwa ndipo alipofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, na alfajiri makundi ya wakimbiaji huonekana barabarani hata na mtoto aendaye shule. Hata hivyo, eneo linaloizunguka lina historia nyingine. Ghasia za kikabila zilizoanza katika Bonde la Ufa mwaka 1991 zilifika Burnt Forest mwaka 1992. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa lililokuwa limejaa watu waliokimbilia usalama lilichomwa huko Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, na watu zaidi ya 20 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliorodhesha vifo 1,133 nchini kote katika ghasia za kipindi hicho. Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia huru washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa, na jaji akaulaumu upelelezi duni wa polisi. Kufikia mwaka 2016, kesi zote za mauaji ya kipindi hicho zilizopelekwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, zilikuwa zimekoma bila mtu yeyote kutiwa hatiani.

Mwanafunzi wa sekondari wa leo alizaliwa baada ya matukio hayo. Hakuyaona, lakini amekulia ndani ya fumbo lake. Anajua kuwa shamba fulani lilikuwa la jirani ambaye hatajwi tena. Anajua kuwa mazungumzo ya watu wazima hukatika anapoingia. Huyo ndiye msomaji anayeomba apewe riwaya ya taharuki.

Lawama ya Zamani na Lawama Nzito Zaidi

Riwaya ya taharuki haikosi wapinzani. Katika miaka ya 1970 na 1980, hasa Tanzania, ambako Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeweka mizani mipya ya kupimia kila kitu, fasihi ikiwamo, wahakiki wengi waliitenga fasihi-pendwa na ile waliyoiita fasihi halisi au fasihi ya dhati. Riwaya za upelelezi, ujasusi na mapenzi zilidaiwa kuwa ni bidhaa za kupitishia wakati, zenye wahusika bapa, zinazoiga Ulaya na Marekani, na zinazomzubaisha msomaji asiyaone matatizo ya kitabaka. Kwa upande wa vijana iliongezwa hofu ya maadili: pombe, bastola na vyumba vya hoteli.

Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa moja kwa moja, lakini ina udhaifu. Kwanza, inalaumu kitabu kwa yaliyomo bila kuuliza namna yanavyoelezwa. Pili, inamwona msomaji kuwa chombo kitupu kinachojazwa. Kijana asomaye juu ya mauaji si lazima atamani kuua, kama vile asomaye juu ya njaa si lazima akose hamu ya chakula. Tatu, na hili ndilo kubwa, lawama hiyo inalenga pembeni. Inahofia kuwa riwaya ya taharuki inamwonyesha kijana uovu kupita kiasi, ilhali hatari iliyo nzito zaidi ni kwamba inamwonyesha haki kupita kiasi.

Katika riwaya ya upelelezi ya kawaida, kila kifo kina maelezo, kila ishara ina maana, kila uongo hufichuka, na mwenye hatia hutajwa mbele ya wote. Kijana wa Kaptagat akifunga kitabu na kutazama dirishani, haoni ulimwengu wa namna hiyo. Ikiwa mwalimu anampa riwaya baada ya riwaya zenye mwisho huo, je, hampi kiliwazo cha uongo? Au, vibaya zaidi, je, hamfundishi kwamba haki ni kitu cha vitabuni, chenye raha ya kusomwa na kisichopaswa kutarajiwa nje ya jalada?

Ulimwengu wa fasihi ya vijana una mfano mmoja unaoonyesha uzito wa swali hili. Lois Duncan, mwandishi wa Marekani aliyeishi kati ya 1934 na 2016, ni miongoni mwa walioijenga riwaya ya taharuki kwa ajili ya vijana. Kitabu chake I Know What You Did Last Summer kilitoka mwaka 1973. Mwaka 1989 binti yake mdogo aliuawa kwa kupigwa risasi akiendesha gari mjini Albuquerque. Mama aliyekuwa ametunga mafumbo yenye majibu akajikuta ndani ya fumbo lisilo na jibu. Mwaka 1992 alichapisha kitabu cha mambo ya kweli juu ya kifo hicho, na jina la kitabu lenyewe ni swali: Who Killed My Daughter? Baadaye riwaya yake ya 1973 ilipofanywa filamu ya umwagaji damu mwaka 1997, alichukizwa hadharani na namna mauaji ya vijana yalivyogeuzwa burudani. Aliaga dunia kabla kesi ya binti yake haijahitimishwa.

Mtu angeweza kutumia maisha ya Duncan kuthibitisha kwamba utanzu huu ni uongo na kwamba uhalisi ulimsuta mtungaji wake. Fasiri hiyo haitoshi. Duncan alipofikwa na msiba hakuliacha swali la utanzu aliokuwa akiutumikia. Alilibeba akaliuliza nje ya riwaya, kwa miaka mingi, pale ambapo wenye dhamana walikuwa tayari kulifunga. Kilichobaki baada ya jawabu kukosekana ni tabia ya kuuliza. Hoja ya makala haya inaanzia hapo: thamani ya kimaadili ya riwaya ya taharuki kwa kijana haimo katika jawabu inalotoa bali katika swali inalomzoeza kutoliacha.

Sarufi ya Kutosema

Swali lenyewe kwa Kiswahili ni fupi: na nani? Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba kauli ya kutendwa humwezesha msemaji kumtaja mtendwa na kumwacha mtenda. "Nyumba ilichomwa" ni sentensi kamili. Haina kasoro ya kisarufi, lakini ina nafasi iliyo wazi mwishoni mwake, ambapo kiunganishi "na" kingeweza kuingia na kumleta mtenda. Kauli ya kutendeka huenda mbali zaidi, kwani huifunga hata nafasi hiyo. Katika "nyumba iliungua", "damu ilimwagika", "maisha yalipotea", hakuna tena pahala pa mtenda. Tendo linakuwa kama mvua au ukungu. Mazungumzo ya watu wazima juu ya mwaka 1992 au 2008, pamoja na sehemu kubwa ya lugha ya magazeti na hotuba, yamejaa kauli hizi: machafuko yalizuka, watu walihama, mali iliharibika.

Yapo mazingira ambamo lugha ya namna hii ni adabu. Majirani wanaolazimika kuteka maji kwenye kisima kimoja hawawezi kutajana kila siku. Lakini kijana anayerithi sentensi zisizo na mtenda hurithi pamoja nazo kishawishi cha kuijaza nafasi hiyo mwenyewe, na kitu kilicho karibu zaidi cha kuijazia ni jina la kabila. "Walituchoma." "Walitufukuza." Hapa mtenda amepatikana kisarufi, kwa kuwa kiambishi "wa" kipo, ila kimaadili hakuna aliyepatikana. Kulitaja kabila ni njia ya pili ya kulikwepa swali la na nani. Njia ya kwanza inasema hakuna aliyetenda. Ya pili inasema wametenda wote. Katika zote mbili, yule aliyeshika kiberiti hatajwi.

Ni katika hali hiyo kwamba riwaya ya upelelezi, iliyodharauliwa kwa wepesi wake, inapata kazi nzito. Utanzu huu hauwezi kuishi bila kumtafuta mtenda. Huanza na sentensi ya kutendwa, "fulani ameuawa", na haukomi mpaka sentensi hiyo igeuzwe kuwa ya kutenda. Tena hauruhusu mtenda wa jumla. Hakuna riwaya ya upelelezi inayoweza kumalizika kwa kusema kwamba aliyeua ni mtaa mzima, au ni watu wa upande ule. Msomaji angeitupa. Kwa kanuni yake yenyewe, utanzu huu hushikilia kwamba hatia ni ya mtu, mwenye jina, mwenye sababu, aliyekuwa mahali fulani saa fulani. Na kwamba wengine wote walioshukiwa, hata waliochukiza, hawana hatia hiyo na wanastahili kuondolewa shuku. Kwa kijana anayeishi mahali ambapo hatia imezoeleka kugawiwa kwa makabila, hilo ni funzo ambalo hotuba za amani hazijaweza kulitoa.

Waandishi wa Kupendekezwa: Kutoka kwa Bwana Msa

Kwa kigezo hicho, mwandishi wa kwanza anayestahili kutajiwa kijana ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja (1918–1991). Mzimu wa Watu wa Kale ilipata ushindi katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Ikafuatwa na Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Ni kweli kwamba Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, anadaiwa deni na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na wahakiki wamelirudia jambo hilo hadi limechosha. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni aina ya giza ambalo Abdulla anampa mpelelezi wake aliondoe. Katika riwaya ya kwanza, Bwana Ali anakutwa amekufa penye mzimu, na maelezo yapo tayari: mzimu umefanya kazi yake. Jamii haihitaji kuuliza zaidi. Bwana Msa anakataa. Anakataa bila kuwadhihaki wanaoamini, kwa kusikiliza, kukaa barazani, kulinganisha maneno ya huyu na ya yule, na kuonyesha kwamba penye maiti pana mkono wa binadamu.

Mzimu, katika matumizi hayo, ni jina la mtenda asiyeweza kushtakiwa. Kila jamii ina mizimu yake. Katika Bonde la Ufa mizimu hiyo imeitwa siasa, hasira za wananchi, historia ya ardhi. Mambo hayo yapo na yana uzito, kama vile imani ya mizimu ilivyo na uzito kwa wanaoishi nayo. Lakini hakuna mojawapo lililowahi kubeba petroli. Mwanafunzi aliyemfuata Bwana Msa mpaka mwisho amejifunza kutoridhika na maelezo ya namna hiyo. Jambo jingine la thamani ni kwamba Bwana Msa hana cheo. Yeye si polisi. Hana pingu wala bunduki. Ujuzi wake ni wa raia wa kawaida aliyeamua kufikiri, na kijana yeyote anaweza kujiona ndani yake.

Hata hivyo, pendekezo la kweli halina budi kutaja pia mipaka ya kinachopendekezwa. Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na watu wengi waliuawa. Riwaya za Abdulla zilizofuata baada ya hapo zinaendelea na maiti wake mmoja mmoja, nyumba zake na mashamba yake, kana kwamba kisiwa hakikuguswa. Zipo sababu zinazoeleweka za ukimya huo, na si kazi ya mhakiki aliye mbali kumlaumu mtu aliyeishi humo. Lakini ukimya wenyewe unaonyesha kitu kuhusu utanzu. Riwaya ya upelelezi inajua kumhesabu maiti mmoja. Maiti wakizidi, wauaji wakawa majirani, na mpelelezi akawa ni serikali ambayo nayo inashukiwa, mashine yake hukwama. Mwalimu anayempendekeza Abdulla bila kulitaja hilo anampa mwanafunzi chombo kizuri bila kumwambia uzito kinaoweza kuubeba.

Faraji Katalambulla, aliyeitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, aliuhamisha upelelezi kutoka baraza za Unguja hadi jiji la Dar es Salaam na kumkabidhi Inspekta Wingo wa polisi. Ana kasi inayompendeza kijana zaidi kuliko utaratibu wa Abdulla, na lugha yake ni sahili. Lakini kwake swali la na nani linakuwa kazi ya ofisi, si wajibu wa raia. Anafaa kusomwa baada ya Bwana Msa, ili mwanafunzi aulize kinachopungua na kinachoongezeka mpelelezi anapovaa sare.

Mtu Mmoja na Kambi Nzima

Kundi la pili ni la riwaya za ujasusi. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974) na kumwendeleza katika Kikosi cha Kisasi na nyingine. Ben Mtobwa (1958–2008) akamleta Joram Kiango, ambaye Tutarudi na Roho Zetu (1987) ni miongoni mwa visa vyake vinavyojulikana zaidi. Hizi ndizo riwaya ambazo kijana mpenda taharuki huzimaliza kwa usiku mmoja, na hakuna faida kujifanya kwamba ladha hiyo haina sababu. Musiba na Mtobwa wanajua lini sura ikatwe, lini mlango ufunguliwe, na lini msomaji anyimwe taarifa anayoitamani.

Waandishi hawa waliandika wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwapo kuanzia 1963 hadi 1994. Adui katika ulimwengu wao mara nyingi ni utawala wa Makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wake. Adui huyo hakuwa wa kubuni. Ubaguzi wa rangi ulikuwapo kwa sheria, uliua, na kuupinga ulikuwa wajibu. Kwa hiyo shutuma kwamba riwaya hizi ni nakala tu za James Bond si ya haki, kwani Bond hakuwahi kuwa upande wa waliotawaliwa.

Tatizo lililopo ni la umbo. Riwaya ya ujasusi huanza pale ambapo swali la na nani limekwisha jibiwa: ni wao. Kambi ya adui inajulikana tangu ukurasa wa kwanza; kinachotafutwa ni mahali alipojificha na njia ya kummaliza. Haki haifikishwi mbele ya hakimu bali hutoka mtutuni, na msomaji hufurahi kwa kuwa ameshahakikishiwa kwamba anayekufa alistahili kufa. Umbo hilo, likiondolewa katika mazingira ya ukombozi na kupelekwa mahali ambapo vijana wamewahi kuambiwa kwamba jirani ni kambi, halibaki na maana ile ile. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako ni onyo la hekima anapolisikia mtu anayejichunguza. Ikisemwa na kiongozi wa genge usiku, ni amri.

Hapa linazuka pingamizi ambalo halifai kukwepwa. Je, riwaya ya upelelezi nayo haifundishi shuku? Kila mhusika anashukiwa, kila tabasamu ni kinyago, na je, si shuku iyo hiyo iliyowasha moto? Jibu ni kwamba kuna shuku za aina mbili. Shuku ya kambi humwangukia mtu kwa sababu ya alivyo, nayo haina njia ya kumwondolea, maana hawezi kuacha kuwa alivyo. Shuku ya mpelelezi humwangukia mtu kwa sababu ya ushahidi, na ushahidi ule ule huweza kumtakasa. Bwana Msa anapomshuku mtu, anakuwa pia ameanza kumtafutia njia ya kutoka. Kwa sababu hiyo Musiba na Mtobwa hawapaswi kufungiwa kabatini. Wasomwe, lakini wasomwe wa pili, na kijana aliyekwisha kujifunza kuuliza ni ushahidi gani unaomtenga anayepigwa risasi na anayeachwa.

Pale Upelelezi Unapokoma

Kundi la tatu halihesabiwi kwa kawaida miongoni mwa riwaya za taharuki, na ni kosa la uainishaji. Ken Walibora, aliyekulia Trans Nzoia, jirani kabisa na Uasin Gishu, alijenga riwaya zake kwa siri zinazocheleweshwa. Siku Njema (1996), iliyosomwa katika shule za sekondari nchini kwa miaka mingi, ni kisa cha Kongowea Mswahili anayetoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua hadi Kitale. Hakuna maiti wa kuchunguzwa, lakini kuna swali moja lisilomwachia msomaji nafasi ya kupumua, nalo ni la nasaba: mimi ni wa nani? Jibu linapopatikana, mipaka ya pwani na bara, ya Mtanzania na Mkenya, imekwisha kuvukwa na kupoteza nguvu. Kijana aliyezoea kuambiwa kwamba asili ni boma, katika riwaya hii anaiona kuwa safari.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) Walibora anakwenda mbele zaidi. Amani anafika Sokomoko akiwa na swali la mpelelezi: nani alimuua babu yake, na ardhi ya ukoo ilihamishwaje mikononi mwa Mtemi Nasaba Bora? Ardhi, hati za kughushi, kifo kilichofichwa na mkubwa asiyeulizwa. Msomaji wa Bonde la Ufa hahitaji ramani. Taharuki ya riwaya hii haiishi mtenda anapojulikana. Hapo ndipo inapoanza upya, kwa kuwa sasa swali ni atakachofanya anayejua. Nafasi ya kulipiza inapatikana, na Amani hamuui mtesi wake. Riwaya ya kambi isingeweza kulivumilia tendo hilo, na riwaya ya upelelezi ingekuwa imekwisha kufunga jalada. Inafaa kukumbukwa kwamba Walibora mwenyewe alifariki tarehe 10 Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari jijini Nairobi, mwili wake ukatambuliwa siku kadhaa baadaye, na maswali kuhusu kifo hicho yakaulizwa hadharani. Wasomaji wake walilazimika kuuliza juu yake yale aliyowafundisha kuuliza juu ya wengine.

Mwisho wa ngazi hii unasimama Assumpta K. Matei na Chozi la Heri, iliyokuwa kitabu teule cha shule za sekondari tangu mwishoni mwa miaka ya 2010. Familia ya Ridhaa inateketezwa nyumbani baada ya uchaguzi, na anayeongoza uovu huo ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi. Mtenda anajulikana mapema. Nafasi iliyoachwa wazi na kauli ya kutendwa imejazwa, tena kwa jina la mtu, si la kabila. Na bado hakuna kinachotulia. Riwaya inabaki na swali ambalo Bwana Msa hakuwahi kulikabili: mtenda akishajulikana, na naye ni jirani, na kisima ni kimoja, watu waishi vipi?

Hitimisho

Ahadi ya riwaya ya upelelezi, kwamba mhalifu atajulikana, ingekuwa uongo kama ingetolewa kuwa taarifa juu ya ulimwengu ulivyo. Kijana wa Kaptagat anajua kuwa taarifa hiyo si kweli, na mwalimu anayejaribu kumwaminisha hivyo atapoteza heshima yake. Lakini ahadi hiyo inaweza kusomwa kuwa dai juu ya ulimwengu unavyopaswa kuwa: kwamba kifo cha mtu kinastahili kuelezwa, kwamba aliyekitenda ana jina, na kwamba asiyekitenda ana haki ya kuondolewa lawama. Ikisomwa hivyo, riwaya inayomalizika kwa haki haimpumbazi msomaji. Inampa kipimo cha kulinganishia hukumu ya Nakuru ya 2009 na jalada la The Hague la 2016, na kutambua kilichokosekana.

Kinachofuata kwa anayependekeza ni utaratibu zaidi kuliko orodha. Kijana aanze na Abdulla, apate tabia ya kuuliza na nani. Amsome Katalambulla, aone swali hilo likikabidhiwa wenye mamlaka. Awasome Musiba na Mtobwa, aone jinsi raha inavyopatikana pale swali linaporukwa. Kisha awasome Walibora na Matei, ambako swali linajibiwa na jawabu halitoshi. Mwalimu anayeishia katika hatua ya kwanza atakuwa amemwachia mwanafunzi haki nyepesi mno. Anayeanzia hatua ya mwisho, kama mitaala ilivyozoea kufanya kwa kuwapa wanafunzi simulizi za maafa kabla ya kuwapa chombo cha kuyachunguzia, atakuwa amempa uchungu usio na njia.

Watu wazima wa mahali kama Kaptagat wana sababu zao za kunyamaza, na baadhi ya sababu hizo ni za heshima. Fasihi haiwezi kuwalazimisha kusema. Inachoweza ni kumfanya kijana aisikie nafasi iliyo wazi mwishoni mwa sentensi zao, asiijaze kwa haraka, wala asiruhusu ifungwe.